Ukingo wa Bi Verna

Bi Verna Pribyl amebandika picha ya mwanamume kwenye mlango wa friji yake, na mwanamume huyo si marehemu mume wake. Ni Bwana Orrin Tesch. Amepiga goti moja kando ya besi ya pili ya uwanja wa besiboli, reki mkononi, na anatabasamu kama aliyeifinyanga dunia nzima kwa vidole vyake. Picha ilikatwa kutoka gazeti letu la wiki. Siku nilipoiona mara ya kwanza nilikuwa nimetumwa na mama kurudisha bakuli, na moyo ulinienda mbio kwa sababu nilidhani nimegundua siri ya mapenzi.

"Bi Verna," nikasema, "kumbe unampenda Bwana Tesch?"

"Nani, huyo?" Alitoa maziwa, akaufunga mlango kwa kishindo mpaka sumaku ikateleza na Bwana Tesch akabaki amening'inia upande. "Nimemweka hapo ili nisizoee kulala."

Tangu siku hiyo nikaanza kumchunguza. Mimi ni mtu wa kuchunguza. Mwalimu wa sayansi anasema ni kipaji, mama anasema ni umbea.

Bi Verna ana miaka sitini na mitatu. Anaendesha basi la shule namba nne, na mimi ndiye abiria wake wa kwanza kila asubuhi, kwa hiyo kwa dakika kumi na moja tunakuwa wawili tu, yeye kwenye usukani na mimi nyuma yake. Lakini ukimuuliza anafanya kazi gani, basi halitaji. Atakwambia anatunza uwanja wa softboli. Binti yake, Joleen, aliuchezea zamani, wakati ule ulikuwa kipande cha malisho chenye mawe, na Bi Verna akachoka kumtoa changarawe magotini kila Jumamosi, akachukua reki. Joleen sasa ana watoto watatu na anaishi Arizona, ambako theluji huiona kwenye kadi za Krismasi. Reki haijawahi kuwekwa chini. Hakuna anayemlipa Bi Verna, wala hakuna aliyewahi kumwomba.

Watu hudhani uwanja ni majani. Uwanja ni udongo. Sehemu ya ndani, pale zilipo besi, vile vituo vinne wachezaji wanavyokimbilia, ni mfinyanzi uliochanganywa na mchanga, na mpira ukigonga kijiwe kidogo kama punje ya mahindi unakuja usoni badala ya kwenye glavu. Nayajua haya kwa sababu nacheza kati ya besi ya pili na ya tatu, na jino langu moja la mbele si la kuzaliwa nalo. Lilivunjikia uwanja wa mji jirani. Bi Verna anataka niliseme hilo kila ninapoitaja habari ya jino.

Ng'ambo ya barabara ya changarawe ndipo ulipo uwanja wa besiboli, wa wavulana, na mtunzaji wake ni Bwana Tesch, aliyestaafu kiwanda cha jibini. Ana rola la kweli la kushindilia udongo, lenye injini na kiti. Ana wavu wa chuma wa kukokota juu ya udongo ili ulainike, wa dukani. Ana turubai la kufunika. Bi Verna hukokota kwa springi za kitanda, kitanda chake mwenyewe cha ndoa, zilizofungwa nyuma ya trekta dogo la kukatia majani. Rola lake ni pipa ambalo mumewe Milo alilijaza zege na kulitia mhimili.

"Wenzangu waume zao waliwapa pete ya pili," aliniambia siku moja. "Mimi nilipewa pipa."

"Ulikasirika?"

"Nilikasirika nini? Pete haisawazishi udongo."

Sasa lazima niieleze Jumamosi ya Ufunguzi, maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini mtu mzima anamtazama jirani yake kwa jicho kama lile. Jumamosi ya kwanza ya msimu mji wetu wote huja viwanjani. Bendi ya shule inapiga, bendera inapanda, soseji zinachomwa, na mtu mzee kuliko wote hapa Alder Prairie anarusha mpira wa kwanza. Saa tatu asubuhi mwamuzi, Bwana Lindahl, anakagua udongo. Anaanza na besiboli, ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Ukiwa tayari kufikia saa nne, sherehe ni hapo. Usipokuwa tayari, watu wote wanabeba viti vyao na kuvuka barabara, na sherehe inahamia softboli. Uwanja unaobaki unacheza saa saba mchana, watu wakishashiba na kwenda zao.

Kwa miaka kumi na miwili hakuna aliyevuka barabara. Bibi yangu humtazama kaka yangu Anton akicheza asubuhi, anakula soseji moja na nusu, kisha anarudi nyumbani kuunyoosha mgongo. Hajawahi kuniona nikidaka hata mpira mmoja. Kwa hiyo msidhani Bi Verna alikuwa peke yake katika kutazama ng'ambo ya barabara.

Mwaka huu theluji iliondoka mapema. Kuanzia Machi, basi namba nne lilikuwa likifika viwanjani linapunguza mwendo kama linapita penye msiba, na Bi Verna alikuwa akiutazama uwanja wa Bwana Tesch kwanza, kisha kioo, kisha wake.

"Amemwaga udongo mpya," alisema. "Umeuona? Mwekundu ule. Wa kuagiza."

"Labda ni kivuli, Bi Verna."

"Kivuli chekundu umekiona wapi, mtoto wewe?"

Akishatushusha shuleni, anarudi uwanjani kwake na bisibisi ndefu na kuichoma udongoni hapa na pale. Ikizama hadi mpini, ardhi imeyeyuka na kazi inaweza kuanza. Ikigonga, tok, bado kuna barafu chini. Ana kanuni ya pili, ambayo kila msichana aliyewahi kuvaa jezi yetu anaijua kama sala: kiatu kikiacha alama, kiatu kiondoke. Udongo ukiukanyaga mbichi, unakauka na kosa lako ndani yake.

Tarehe kumi na tisa Machi, rola la Bwana Tesch lilikuwa nje ya banda. Limesimama pembeni mwa uwanja, linameremeta. Bi Verna alikipita kituo cha akina Brandvold bila kusimama, watoto wawili wakabaki wanapunga mikono kwenye kioo cha nyuma, ikabidi arudi kinyumenyume.

"Ameanza," alisema hatimaye. "Mzee ameshaanza, na mimi nachomachoma ardhi kama daktari wa meno."

Baada ya shule, basi lilipomaliza zamu yake ya jioni, nilikwenda viwanjani mbio, mkoba mgongoni. Nilimkuta ameshalifunga pipa la Milo nyuma ya trekta. Jua lilikuwa limewaka siku nzima na upepo umevuma, na juu udongo ulionekana mkavu, wa rangi ya biskuti, ungeweza kuulamba. Bisibisi ilikuwa imelala kwenye kiti cha trekta.

"Imesema nini?" nikauliza.

"Imesema niache woga."

Nilijua imesema tok. Na yeye alijua ninajua. Akawasha trekta.

Mita tatu za kwanza zilikwenda vizuri, hata akanigeukia kunionyesha uso wa ushindi. Halafu ganda la juu likapasuka. Chini yake kulikuwa na tope kama uji, kina cha kiganja kizima, na chini ya uji barafu, maji hayana pa kwenda. Pipa likazama kwa heshima, polepole, kama mtu anayekaa kitini. Angesimama hapo, kosa lingekuwa dogo. Yeye alikanyaga mafuta. Magurudumu yakachimba, udongo ukaruka hadi kwenye uzio, na trekta likaja kutulia karibu na besi ya kwanza, limeacha nyuma yake mitaro miwili iliyopinda kama alama ya kuuliza.

Bwana Tesch alikuja hadi kwenye uzio. Hakuwa na haraka. Mkononi alikuwa na kopo na brashi.

"Verna," alisema. "Mwaka huu unapanda viazi?"

"Wewe umeshapitisha rola lako, sasa umepata muda wa kuja kunicheka."

"Rola?" Aliinyanyua brashi, ina rangi ya kijani. "Panya walizalia chini ya kiti. Nimelitoa nje nilisafishe, nilipake na rangi. Nani apitishe rola mwezi Machi?"

Bi Verna aliitazama brashi, kisha mitaro yake.

"Kweli," alisema Bi Verna. "Nani."

"Nikuletee kamba tukuvute?"

"Kamba ninayo."

Hakuwa nayo. Pipa la Milo lilikaa pale siku tano, na kila asubuhi tulilipita kwa basi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue Bi Verna aliangalia barabara tu. Siku ya tatu nilishindwa kujizuia.

"Lakini kwa nini ulifanya hivyo, Bi Verna? Na bisibisi ulikuwa nayo?"

Alibadilisha gia.

"Bisibisi ilikuwa kwenye uwanja wangu. Mimi nilikuwa kwenye wake."

Alingoja siku kumi na moja udongo ukauke. Kungoja ndiko kulikomtesa, nilimwona anazunguka nje ya uzio mikono mifukoni. Kisha akaanza upya, kwa sababu mitaro ile huwezi kuifukia tu, itarudi kama kovu. Alichukua ubao aliougongomea misumari mia mbili, akaukokota akaufumua uwanja wote, kila mahali, hata palipokuwa pazuri. Akafunga nyuzi kutoka besi hadi besi. Akauvuta udongo na kuurudisha, akipiga magoti na jicho moja limefumbwa, hadi ukawa na mteremko mdogo sana kutoka kwa mrushaji kwenda kwenye majani, kimo cha kidole gumba tu kwa upana wote. Halafu springi za kitanda, mizunguko midogo midogo, bila kukimbia. Akikimbia, springi zinadunda na uwanja unapata mawimbi.

Mwisho alikuja kwenye ukingo. Huu ndio moyo wa habari. Kila unapokokota, vumbi kidogo linasukumwa hadi udongo unapokutana na majani, na linakwama humo. Mwaka hadi mwaka linapanda, linakuwa tuta usiloliona, na mvua ikinyesha tuta linashika maji ndani kama bakuli. Wengi wanaliacha. Bi Verna alilitoa lote kwa mkono, upinde mzima, kwa reki fupi na mpira wa kumwagilia maji. Jioni nne.

"Njoo," aliniita jioni ya nne. "Fumba macho. Pitisha kiganja."

Nilipitisha. Sikujua udongo umeishia wapi mpaka majani yaliponitekenya.

"Na Bwana Tesch, wake ukoje?"

"Wake unapigwa picha," alisema Bi Verna. "Ukingo hauonekani kwenye picha."

Jumamosi ya Ufunguzi ilinyesha kuanzia alfajiri hadi saa mbili asubuhi, mvua ya kumwaga, halafu jua likatoka kana kwamba halikuhusika. Nilifika na jezi yangu. Uwanja wetu ulikuwa umelowa kidogo, basi. Maji yote yalikuwa yameteremka na kuingia kwenye majani. Nilikanyaga pembeni, nikainua mguu. Hakuna alama.

Kwa Bwana Tesch watu walikuwa wamejaa tayari, bibi yangu kwenye kiti chake chekundu mstari wa mbele. Turubai lilikuwa limefunika sehemu ya mrushaji na ya mpigaji, lakini nyuma ya besi ya pili kulikuwa na dimbwi la ukubwa wa meza ya kulia chakula, limeegemea ukingo, haliendi popote. Akina baba sita walikuwa wamelizunguka na mifagio, wanayasukuma maji kuelekea majani. Bwana Lindahl alitazama saa yake.

Bi Verna alikuwa amekaa kwenye ngazi ya basi namba nne, kikombe cha kahawa mkononi, upande wetu wa barabara. Nikaketi karibu naye.

"Saa tatu na dakika kumi na tano," nikasema kwa sauti ya chini. "Hawatamaliza."

"Hawatamaliza. Wanafagia udongo." Hakuonyesha furaha yoyote. "Tazama maji yale yalivyo mekundu. Kila ufagio unaondoka na udongo. Shimo linazidi kuwa shimo."

"Basi tunyamaze."

"Nimenyamaza."

Nilimwona bibi yangu anatazama saa, na nikamwona, ndani ya kichwa changu, anakikunja kiti chake chekundu na kuvuka barabara. Baba mmoja akaleta ufagio wa saba. Bi Verna alivuta pumzi kupitia meno kama mtu aliyekanyagwa kidole.

"Bi Verna. Usiangalie."

"Siangalii."

"Unaangalia."

"Udongo ule umemchukua miaka," alisema. "Mjinga yule. Miaka, na wanaufagia wote nje." Aliweka kikombe chini, akakinyanyua, akakiweka tena. "Sikia, Maren. Miaka kumi na miwili nimengoja watu wavuke barabara hii. Lakini nilitaka wavuke kwa sababu wangu ni mzuri. Hivi watakuwa wanakimbia matope."

"Si ni kuvuka tu?"

Alinitazama, na nadhani kwa dakika moja nzima alikuwa upande wangu kabisa. Halafu akasimama, akaingia ndani ya basi, akatoka na kopo la kahawa tupu, sponji mbili za kuoshea vioo, na ndoo yenye kifuniko. Ile ndoo niliijua. Ni udongo mkavu aliouchekecha mwenyewe vuli na kuuweka karibu na tanuri la kupasha joto nyumba yake msimu mzima wa baridi.

Nilimfuata. Sikumsaidia, nakiri. Nilikuwa nimenuna.

"Acheni mifagio," aliwaambia akina baba, na wakaacha, kwa sababu wote waliwahi kupanda basi lake. Bwana Tesch alikuwa amepiga magoti, suruali imelowa hadi mapajani, na uso wake haukuwa ule wa gazetini.

"Umekuja kutazama viazi vyangu," alisema.

"Sogea, Orrin."

Alichimba kijishimo katikati ya dimbwi, upana wa kopo. Maji yakaanza kukimbilia mle yenyewe, polepole, na kuuacha udongo pale ulipo. Akachota kwa kopo, akamwaga kwenye ndoo ya akina baba, akachota tena. Bwana Tesch alichukua sponji moja bila kuambiwa, akawa anagandamiza, hafuti, anagandamiza tu. Saa tatu na dakika arobaini dimbwi lilikuwa doa. Ndipo Bi Verna akafungua kifuniko na kumwaga udongo wake mkavu, akauchanganya na ule mbichi kwa vidole, akaupigapiga kwa mgongo wa reki.

"Ndoo hiyo ni yangu," alisema, akisimama kwa kushika goti. "Na udongo nao ni wangu. Nataka urudi ulivyokuja."

"Urudi vipi, Verna, umeshaingia?"

"Hiyo shida yako."

Saa tatu na dakika hamsini na tano Bwana Lindahl alikanyaga pale, akainua mguu, akatikisa kichwa kukubali. Bendi ikapiga. Mzee Halvard Moe, miaka tisini na minne, alirusha mpira wa kwanza, ukaenda hatua nne. Anton alidaka mpira mmoja mzuri karibu na besi ya pili, juu ya udongo wa Bi Verna, na bibi yangu akapiga makofi mpaka kofia ikamvuka. Mwaka wa kumi na tatu bila mtu kuvuka barabara.

Saa saba mchana tulianza sisi. Niliwahesabu waliokuja: thelathini na wanne, pamoja na mbwa mmoja. Bibi alikuwa ameshakwenda kuunyoosha mgongo. Bi Verna alisimama nyuma ya uzio na soseji mkononi aliyoinunua asubuhi na hakuila, imeshapoa, haradali imekauka.

"Ungenyamaza," nilimwambia nikienda uwanjani. Bado nilikuwa nimenuna.

"Najua," alisema. "Kacheze."

Tulikuwa zamu ya tatu nilipomwona Bwana Tesch anavuka barabara, kiti chini ya kwapa. Katika miaka yangu yote ya kucheza sikuwahi kumwona upande huu. Hakukaa. Alikiweka kiti, akatembea kando ya uzio hadi nyuma yangu, majani yanapoanzia, akangoja timu zibadilishane. Kisha akaingia hatua mbili, akapiga goti moja, akapitisha kiganja juu ya ukingo.

Nilikuwa karibu kiasi cha kusikia pumzi yake. Alipitisha mkono kwenda, akaurudisha. Akasogea mita moja akajaribu tena. Alikuwa anatafuta tuta. Akafumba macho, akapitisha mara ya tatu, taratibu, na majani yakamtekenya kama yalivyonitekenya mimi. Alipofumbua macho aliutazama upinde wote, kutoka besi ya kwanza hadi ya tatu, halafu akageuza shingo akautazama uwanja wake ng'ambo, halafu wetu tena. Ule uso niliujua. Nilikuwa nimeuona mwezi mzima wa Machi kwenye kioo cha basi namba nne.

Bi Verna naye alikuwa anautazama, kupitia matundu ya uzio.

"Umepoteza kitu, Orrin?" aliuliza.

"Hapana," alisema Bwana Tesch. Hakusimama. "Umetumia reki gani hapa?"

"Reki ya kawaida."

"Haiwezekani iwe ya kawaida."

"Basi haiwezekani," alisema Bi Verna, na akaing'ata ile soseji baridi, akaila yote, polepole, hadi ncha, akimwangalia.